Mkataba Unapofika Mwisho

Juma hili tunawaalika kutafakari pamoja nasi jambo ambalo, kwa mtazamo wa haraka, laweza kuonekana dogo mno kuletwa mbele ya waamini: mkataba wa intaneti na malipo ya king'amuzi cha televisheni. Yamkini wapo watakaouliza kama Paroko na Halmashauri ya Walei hawana mambo mazito zaidi ya kutafakari. Jibu letu ni fupi. Fedha inayolipia intaneti ya ofisi ya parokia imetoka katika kapu la sadaka, na ndani ya kapu hilo imo sarafu ya mama aliyeamka alfajiri kupeleka ndizi sokoni. Fedha inayolipia king'amuzi nyumbani hutoka katika mfuko uleule unaolipa ada ya mtoto na dawa ya bibi. Mahali ambapo fedha ya namna hiyo inapita kila mwezi bila mtu kuiuliza inakwenda wapi, hapo dhamiri ina kazi ya kufanya.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Televisheni ilianza Zanzibar mapema miaka ya 1970, nasi wa Bara tukaipata miaka ya 1990. Kwa muda mrefu mtu alisimika antena juu ya bati, akaigeuza huku na huku mpaka picha ikatulia, na baada ya hapo hakudaiwa kitu kwa mwezi. Intaneti nayo, kabla ya mkongo wa chini ya bahari kufika Dar es Salaam mwaka 2009, ilikuwa ya polepole na ya gharama kubwa. Waliokuwa nayo katika tarafa zetu walihesabika. Ndipo ukaja uhamaji kutoka analojia kwenda dijitali. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na zamu ya Arusha ikafika mwaka 2013. Tangu hapo neno king'amuzi likaingia katika kila nyumba yenye televisheni, na pamoja nalo likaingia neno kifurushi.

Kampuni nazo ziliongezeka. Wengine walichukua StarTimes, wengine Ting, wengine DStv au Zuku, na kuanzia Desemba 2013 wengi wakachukua Azam. Upande wa simu, tangu tarehe 1 Machi 2017 mteja wa Tanzania anaweza kuhama mtandao mmoja kwenda mwingine huku akibaki na namba yake ileile. Kwa hiyo, ndugu wapendwa, tumepewa kitu ambacho wazazi wetu hawakuwa nacho katika mambo haya: uwezo wa kuondoka. Swali la juma hili ni jinsi gani Mkristo anautumia uwezo huo.

Kwanza tutambue kinachotufunga. Katika nchi za Ulaya na Marekani, familia nyingi husaini karatasi ya mwaka mmoja au miwili kwa ajili ya intaneti na televisheni kwa pamoja. Karatasi ikifika mwisho, bei mara nyingi hupanda kimyakimya. Anayepiga simu na kusema anaondoka hupunguziwa, na asiyesema kitu huendelea kulipa zaidi. Jambo hili lilikithiri kiasi kwamba nchini Uingereza, tangu Februari 2020, mamlaka iitwayo Ofcom inazilazimu kampuni kumwarifu mteja kwamba mkataba wake unakaribia kwisha na kumweleza bei nafuu wanazoweza kumpa. Maana yake ni kwamba ukimya wa mteja ulikuwa umegeuka kuwa biashara.

Kwetu hali ni tofauti kidogo. Wengi wetu hulipa kabla, mwezi kwa mwezi, bila karatasi. Kinachotufunga si saini bali ni kile kisanduku kilicho chini ya televisheni. King'amuzi cha kampuni moja hakifungui chaneli za kulipia za kampuni nyingine, kwani matangazo hayo husimbwa, na kila kampuni ina ufunguo wake. Dishi nalo limeelekezwa kwenye setilaiti fulani. Anayetaka kuhama hununua kisanduku upya, pengine na dishi upya, kisha humlipa fundi wa kupanda juu ya bati. Mwezi Agosti 2018, chaneli za bure za hapa nchini zilipoondolewa katika ving'amuzi vya kulipia vya setilaiti kwa sababu ya masharti ya leseni, baadhi ya familia ziliona ni lazima kuwa na visanduku viwili, kimoja cha taarifa ya habari na kingine cha mpira. Mkataba usioandikwa waweza kufunga kuliko ulioandikwa.

Ofisi ya parokia yetu, hata hivyo, ilikuwa na mkataba ulioandikwa. Ulikuwa wa miaka miwili, wa intaneti ya ofisini na ya ukumbi, pamoja na malipo ya televisheni ya ukumbi ambamo vijana hutazama mpira na wazee hufuatilia ibada kutoka mbali. Kwa mwezi tulilipa shilingi 150,000 za intaneti peke yake. Mweka hazina wetu, ambaye ana tabia njema ya kusoma hata maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho, alitueleza jambo wakati zilipobaki wiki sita. Mkataba ulisema kwamba kama hakuna upande utakaotoa taarifa kwa maandishi siku 30 kabla ya mwisho, basi utajirudia wenyewe kwa mwaka mwingine kwa bei ileile. Juma hilohilo, bango la kampuni ileile liliwekwa barabarani kuelekea Usa River likiwaalika wateja wapya kwa shilingi 110,000, kasi ileile. Tofauti ni shilingi 40,000 kwa mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka. Kwa fedha hiyo twaweza kununua mabati ya kuezeka jiko la kigango.

Tulipoketi katika kamati ya fedha, zilitolewa rai tatu, nazo zote zastahili kusikilizwa kwa sababu, tunadhani, zipo katika kila nyumba inayosoma ukurasa huu.

Rai ya kwanza ilitoka kwa mzee wetu mmoja mwenye heshima. Alisema, "Baba Paroko, kila Jumapili tunahubiri uaminifu. Hawa watu tumekaa nao miaka miwili, hawajatufanyia ubaya. Kuanza kuvutana nao juu ya bei hakutupendezi sisi watu wa Kanisa." Rai ya pili ilitoka kwa kijana hodari wa VIWAWA. Yeye alisema tuwapigie simu na kuwaambia kwamba kampuni nyingine imetupa bei ya shilingi 80,000, ingawa hakuna kampuni iliyosema hivyo. "Watashuka tu, Padre," alisema, "wote ndivyo wanavyofanya." Rai ya tatu ilitoka kwa mama wa WAWATA, ambaye huuza mboga katika soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi. Alisema, "Mteja anapoiuliza bei ya mwisho mimi sikasiriki. Akiniambia uongo kwamba jirani anauza nusu yake, hapo ndipo ninamjua ni mtu wa namna gani. Tuulizeni bei ya mwisho, basi."

Ndugu wapendwa, Maandiko Matakatifu yanamfahamu vizuri mwenye huduma ambaye hushusha bei siku mteja anapofunga mizigo. Jina lake ni Labani. Katika Kitabu cha Mwanzo, Yakobo alimtumikia miaka saba, akadanganywa, akatumikia saba mingine. Muda wake ulipotimia, alimwendea mjomba wake na kuomba ruhusa ya kurudi kwao. Ndipo Labani, kwa mara ya kwanza tangu kufungwa kwa mapatano yale, akamwambia ataje mwenyewe ujira anaoutaka. Kwa miaka kumi na minne hakuna aliyemwuliza Yakobo kama anapata haki yake. Swali lilikuja siku aliposema anaondoka. Baadaye Yakobo aliwaambia wake zake kwamba baba yao alikuwa amebadili ujira wake mara kumi. Tusome sura ya 29 hadi ya 31 jioni moja nyumbani, nasi tutaona kwamba Maandiko hayamhukumu Yakobo kwa kutaja ujira wake mapatano yalipokwisha. Kazi aliyoahidi aliikamilisha hadi siku ya mwisho, na baada ya hapo alikuwa huru kusema.

Hapa ndipo tulipomjibu mzee wetu, kwa heshima zote. Uaminifu ni fadhila kubwa, lakini tusichanganye agano na mkataba. Agano, kama lile la ndoa au la ubatizo, halina tarehe ya mwisho, wala halipangwi upya kwa sababu jirani ana bei nzuri zaidi. Mkataba una tarehe, na tarehe hiyo imewekwa makusudi ili pande zote mbili zikae tena na kuulizana. Kuwa mwaminifu kwa mkataba ni kulipa kila kilichoahidiwa, kwa wakati wake, mpaka siku ya mwisho. Baada ya siku hiyo uaminifu wetu ni kwa wale waliotukabidhi fedha. Kama kampuni inampokea mgeni wa jana kwa 110,000 na kumwacha mwenyeji wa miaka miwili alipe 150,000, basi kunyamaza kwetu si upole. Ni kuigawa sadaka ya waamini bila wao kujua.

Wala kuuliza kwa heshima si jambo geni kwa watu wa mlima huu. Mwaka 1951 familia za Wameru ziliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na safari ile iligharimiwa na michango ya watu wenyewe. Hatulinganishi ardhi ya wazee na kifurushi cha intaneti. Hilo lingekuwa utovu wa heshima. Tunakumbusha mambo mawili tu: kwamba mnyonge anayo haki ya kuuliza mbele ya mkubwa, na kwamba anayetumia mchango wa watu anadaiwa hesabu.

Kijana wetu naye alihitaji jibu, na jibu lake lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu njia aliyoipendekeza hufanya kazi mara nyingi. Kitabu cha Mithali kinamchora mnunuzi ambaye mbele ya bidhaa husema ni mbaya, ni mbaya, na akishaondoka hujisifu kwa alichopata. Yoshua bin Sira anaonya kwamba dhambi hujipenyeza kati ya kuuza na kununua, kama kigingi kinavyosimama katikati ya mawe mawili yaliyoungana. Mungu anajua mnada, anajua na soko. Hakutuzuia kupatana bei. Ibrahimu, baba yetu katika imani, alipotaka pango la Makpela kwa ajili ya kumzika Sara, alizungumza na Efroni hadharani, mbele ya mashahidi waliokuwapo langoni mwa mji, akaisikia bei ya shekeli 400 za fedha, akazipima na kulipa. Hakuna uongo katika mapatano yale hata mmoja. Tukiwadanganya wakala na kampuni yake kwa shilingi 30,000, tutakuwa tumeuza neno letu kwa bei hiyo, na Jumapili inayofuata tutawasomea nini waamini kuhusu ndiyo iwe ndiyo?

Basi tulifuata ushauri wa mama wa sokoni. Kwanza tulitoa taarifa kwa maandishi kabla ya zile siku 30, ili mkataba usijirudie wenyewe. Kisha katibu wa parokia aliandika katika daftari, kwa wiki mbili, ni saa ngapi intaneti inakatika na saa ngapi inakwenda vizuri. Tulimwalika mtu wa kampuni, tukamwonyesha daftari, tukamwuliza swali moja: kwa nini mteja wa zamani analipa kuliko mteja mpya? Alituomba siku tatu, akarudi na bei ya shilingi 125,000, kwa sharti la kusaini miaka miwili mingine. Wakati huohuo tuliuliza kampuni nyingine, ambayo ilitupa bei ya 115,000 kwa mkataba wa mwaka mmoja. Hatukuwaficha wale wa kwanza bei hiyo, tena tuliwaambia ileile tuliyopewa, pasipo kuipunguza. Hawakuweza kuifikia. Tukahama.

Tungependa hadithi iishie hapo, lakini haiishii hapo. Wakala aliyetuuzia mkataba ule wa kwanza ni mtoto wa parokia hii. Hulipwa kwa kamisheni, na kuhama kwetu kulimpunguzia. Kabla hatujatia saini kokote tulimwita, tukamweleza sababu na hesabu zote, ili asizisikie barabarani. Alisikiliza kwa adabu, akashukuru kuambiwa, akaondoka. Jumapili mbili zilizofuata alikaa benchi la nyuma kabisa na kutoka mara baada ya baraka. Tunaliandika jambo hili kwa ruhusa yake, kwa sababu hatutaki mtu adhani kwamba haki katika mambo ya fedha haimgusi mtu yeyote. Inagusa. Ng'ambo ya kila meza ya mapatano yupo jirani, naye ana kodi ya chumba ya kulipa. Hatukuona kuwa ni halali kumlipa yeye kwa sadaka ya wajane. Lakini ilikuwa ni lazima kumtazama usoni na kumwambia ukweli. Siku hizi amerudi kukaa na kwaya. Sisi kwa upande wetu tumewaelekeza kwake waamini wawili waliokuwa wakitafuta huduma, ambao nyumba zao zipo mahali ambapo kampuni yake ina mawimbi mazuri kuliko nyingine zote.

Je, Kanisa lina mafundisho juu ya jambo hili? Linayo, tena ya zamani. Mtakatifu Thomas wa Akwino, alipouliza kama ni halali kuuza kitu kwa bei iliyozidi thamani yake, alifundisha kwamba muuzaji asipandishe bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida kubwa ya kile kitu, kwa maana shida ile si mali ya muuzaji. Nasi twaweza kusema vivyo hivyo juu ya mteja wa zamani. Uzito wake wa kuhama, gharama ya dishi jipya, woga wa bibi asiyejua kubonyeza vitufe vya rimoti nyingine, hivyo si bidhaa za kampuni. Anayetoza juu ya hivyo anatoza asichokiuza.

Naye Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa tarehe 15 Mei 1891, alifundisha kuhusu ujira wa wafanyakazi kwamba kukubaliana peke yake hakutoshi kulifanya patano kuwa la haki. Mtu anayekubali kwa sababu ya kubanwa na shida amelazimishwa, hata kama ametia saini. Baba Mtakatifu Leo XIV, alipochaguliwa Mei 2025 na kulichukua jina hilo, alieleza kwamba alimkumbuka mtangulizi wake huyo na fundisho lake, akitazama mageuzi ya teknolojia ya siku zetu. Kwa hiyo wale miongoni mwetu wanaofanya kazi katika kampuni za mawasiliano, nao si wachache hapa Arusha, wasijifiche nyuma ya maneno "alikubali mwenyewe". Wajiulize kama mteja alielezwa, na kama angekuwa na njia nyingine.

Ndugu wapendwa, sehemu kubwa ya jambo hili haiko katika ofisi ya parokia. Iko majumbani. Katika ziara zetu za jumuiya ndogo ndogo tumemkuta mama mzee ambaye watoto wake waliomwekea dishi wote wako Dar es Salaam, naye kila mwezi hulipa kifurushi cha juu chenye sinema za lugha asiyoifahamu, ilhali anachotazama ni taarifa ya habari na nyimbo za kwaya. Hakuna aliyemwambia kwamba kifurushi chaweza kupunguzwa. Tumekuta pia baba na mama waliogombana kwa sababu ya mpira. Na hapa tuwe wakweli, kuhama si rahisi kwa mwanamichezo. Mwezi Mei 2021 Shirikisho la Mpira la Tanzania na Azam walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 wa kuonyesha Ligi Kuu. Anayetaka kuitazama ligi yetu hamfuati anayetoza nafuu. Anamfuata aliye na mechi. Familia ikilijua hilo, itapanga pamoja: miezi ya ligi walipie, miezi ya mapumziko waache, na fedha iliyobaki iwe na kazi iliyotajwa kwa jina. Baba asiamue peke yake akiwa kijiweni, wala mama asiambiwe kwamba luku imekwisha huku kifurushi cha mpira kipo.

Wanafunzi nao, hasa ninyi mliopanga vyumba kuzunguka chuo cha ndugu zetu Walutheri hapa Makumira, mnajua kuhama mitandao kuliko sisi sote. Mna laini tatu kila mmoja, na mnafuata kifurushi cha usiku kama nyuki afuatavyo maua. Hilo si kosa. Lakini kumbukeni mwezi Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipotangazwa na wananchi wakalalamika nchi nzima, Serikali ikaagiza zisitishwe. Sauti ya wengi ilisikika kuliko ujanja wa mmoja mmoja. Mkipata njia ya haki ya kupunguza gharama, mfundisheni na mama mwenye nyumba.

Ili tafakari hii isibaki hewani, tunawaachia mambo machache ya kutenda.

Jueni tarehe. Kila mwenye mkataba ulioandikwa autafute leo, asome unakwisha lini, na taarifa yatakiwa siku ngapi kabla. Andikeni tarehe hiyo kwenye kalenda ya jimbo iliyo ukutani, pale macho yanapofika kila siku.

Pimeni matumizi yenu kabla ya kuuliza bei. Anayejua kwamba anatumia chaneli tano hawezi kuuziwa mia. Na katika intaneti msisikilize bango. Muulizeni jirani wa uchochoroni kwenu, kwa maana katika migomba na miti yetu mirefu, na mlima ukiwa nyuma yetu, mawimbi yanayofika barabara kuu si lazima yafike kwenu.

Pigeni hesabu nzima. Kuhama kuna gharama ya kisanduku, ya fundi, pengine ya dhamana ya kifaa. Bei ya mwezi wa kwanza siyo bei ya mwaka. Ulizeni, "Miezi ya promosheni ikiisha nitalipa ngapi?" na jibu liandikwe.

Semeni ukweli, na mdai ukweli. Msitaje bei ambayo hamkupewa. Nanyi msikubali ahadi ya mdomo ambayo haimo katika karatasi.

Ondokeni vizuri. Lipeni deni la mwisho, rudisheni kifaa kama ni cha kampuni, mchukue risiti. Yakobo aliondoka kwa Labani kwa siri, kwa kukimbia, na mjomba wake akamfuata siku saba kwa hasira. Aliye na risiti halazimiki kukimbia.

Mkionewa, msinung'unike vibarazani tu. Pelekeni malalamiko kwanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi. Msiposikilizwa, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapahapa Arusha, na zipo kanuni za mwaka 2018 za kumlinda mtumiaji wa huduma za mawasiliano. Kwenda huko ni haki ya raia, wala si ugomvi.

Mwisho, katika taarifa ya mapato na matumizi itakayosomwa kanisani baada ya Misa, mtaona mstari wa intaneti umepungua kwa shilingi 35,000 kwa mwezi. Kamati ya fedha imeshaamua kwamba kiasi hicho, ambacho ni 420,000 kwa mwaka, kitakwenda kwenye mfuko wa wagonjwa unaosimamiwa na jumuiya. Tumeomba kisitumike kwa jambo jingine lolote, na tunawaomba ninyi waamini mtuulize kila robo mwaka kama kimefika. Mwenye haki ya kuiuliza kampuni bei ya mwisho anayo pia haki ya kumwuliza Paroko wake hesabu.

Mungu Mwenyezi atujalie ulimi wa kweli katika kununua na kuuza, na moyo unaomwona jirani ng'ambo ya kila meza. Mtakatifu Yosefu, aliyepatana na watu bei ya kazi ya mikono yake na kuilisha Familia Takatifu kwa jasho lake, atuombee.